Kuhe Aliyepanda Mlima wa Fizi

Ninaapa. Ninaapa kwa marehemu mama yangu, kwa Biblia ya babu iliyoliwa na mchwa hadi Kitabu cha Waamuzi, na kwa jogoo wangu mwekundu, ambaye nimempa jina Huissier kwa sababu kila asubuhi anaita watu kama tarishi wa korti mwenye karatasi mkononi: haya yote ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Jogoo nimemtaja kwa makusudi. Katika lubunga yetu hapa Baraka, kile kibanda ambamo sisi wanaume tunakula pamoja na kuchambua habari za mji, kuna sheria moja tu: anayekamatwa na uongo analeta jogoo, tunamchinja, tunamla. Nimekaa katika lubunga hiyo miaka mingi, na Huissier bado anawika. Pimeni wenyewe.

Mtaniuliza mambo ya sheria niliyasomea wapi. Nilikuwa planton. Miaka thelathini na moja nilibeba mafaili ya ofisi kutoka mlango huu hadi mlango ule, na kitu ukikibeba muda mrefu kinapenya ngozi. Mengine niliyapata kwa mama mmoja aliyefungia beignet zake, yale maandazi ya asubuhi, kwenye kurasa za kitabu cha sheria za adhabu. Wizi niliusoma Jumatatu. Ukurasa wa kuua mtu ulikuwa na sukari.

Basi, Mama Godelieve. Ni mjane, mrefu, anatembea kama mtu aliyebeba beseni hata siku ambayo hajabeba. Kazi yake ni kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na nafasi yake ya mchanga iko karibu kabisa na pale mitumbwi inapofikia. Mtu wa pale anapata ndagala wa kwanza, wangali wanarukaruka. Nafasi hizo zinagawiwa na chama cha akina mama waanikaji, na chama kina sheria zake katika kaye ya buluu, daftari kama la shule, zimetiwa alama za vidole gumba. Baada ya mwaka fulani wa wizi wa mabeseni, waliongeza mstari mmoja mfupi: mhalifu hana mchanga. Ukihukumiwa kuwa mhalifu, unakunja wavu wako wa kuanikia na kwenda zako. Ukumbukeni mstari huo, kwa maana karibu umzike Mama Godelieve akiwa hai.

Sasa, mnajua kwamba kila mwaka kuna miezi mitatu ziwa linafungwa ili samaki wazae. Tangazo linapigiliwa misumari pale bandarini. Hakuna wavu, hakuna ndoano, hakuna taa. Ziwa linakaa kimya kama kanisa siku ya Jumanne.

Ndiyo miezi hiyo hiyo Mzee Sebineza aliyochagua kushuka.

Sebineza ni mtu wa ng'ombe, wa kule juu kwenye milima mirefu. Aline, binti ya Mama Godelieve, alikuwa anafundisha shule huko, akaugua vibaya. Mke wa Sebineza, Mama Mukarurangwa, alimlaza nyumbani kwake siku arobaini, akamnywesha maziwa kwa kijiko hadi akasimama. Mambo kama hayo hayalipwi. Hata hivyo, siku Sebineza na mkewe walipotuma habari kwamba watashuka Baraka kusalimia, Mama Godelieve alijua la kufanya. Kwao, yaani katika ule ukoo wa marehemu mume wake, mtu aliyemlisha mtoto wako lazima ale samaki mbichi aliyevuliwa na mkono wa nyumba yako. Si wa kununua. Si mkavu. Kumwekea mgeni wa namna hiyo ndagala wa mwezi uliopita ni sawa na kumwambia kwamba mtoto mwenyewe hakuwa na thamani.

Akaenda mbele ya lile tangazo, akalisoma mara mbili, kwa maana yeye anasoma vizuri. Kisha akaenda kutafuta ndoano. Ndoano ilitoka wapi? Hilo halihusu hadithi hii.

Alfajiri akaingia katika mtumbwi wa marehemu mumewe, peke yake, na jua lilipotoka alikuwa amerudi na kuhe mmoja. Mnamjua kuhe: samaki wa heshima, kichwa kikubwa, nyama nyeupe. Lakini kuhe huyu jamani. Alikuwa na urefu wa mlango. Alipovutwa, mtumbwi ulizunguka mara nne, na ziwa likashuka kiganja kizima, hata watu wa Kazimia walishangaa kuona mawe ambayo hawajayaona tangu uhuru.

Akampika na nyanya na pilipili kidogo, akamweka mzima kwenye sahani kubwa, kichwa kikimwangalia mgeni. Mzee Sebineza akavua kofia. Akauliza jina la samaki, akaambiwa. Akamsifu macho. Akamsifu mkia. Mkono wake lakini haukutoka magotini. Mwishowe Mama Mukarurangwa akainama kwenye sikio la mwenye nyumba na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kanisani, kwamba mzee wake hajawahi kula samaki maisha yake yote, kwamba kwao watu wa umri ule hawali, na kwamba yeye mwenyewe alijaribu mara moja akiwa Uvira na bado analikumbuka jambo lile.

Mama Godelieve alikaa chini. Maisha yake yote alikuwa hajakutana na mtu asiyekula samaki. Alidhani watu wa aina hiyo hawapo, kama vile wengine wanavyodhani hakuna nchi isiyo na ugali. Halafu akaanza kucheka, Aline akacheka, na Sebineza, alipoona kicheko kimeruhusiwa, akacheka kuliko wote. Wakala ugali na sombe ya majani ya muhogo, wakanywa maziwa yaliyoshuka nao kutoka milimani. Na kuhe akabaki mezani, mzima, hajapungua hata pezi.

Angeliwa, hadithi ingeishia hapo. Miiba haina ushahidi. Lakini mlango ukafunguliwa na akaingia bwana Roger.

Huyu Roger alikuwa mtu wa kamati ya kulinda ziwa, mwenye kofia na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiwa na wino. Aliambiwa na nani kwamba kuna samaki katika nyumba hiyo? Watu wanaongea sana hapa Baraka. Tuendelee. Aliangalia sahani, akaangalia Mama Godelieve, akaomba kiti, akaandika PV yake, ile karatasi ya mashtaka, palepale. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, akaandika: MHALIFU WA ZIWA.

Si kwamba Roger hakujua neno lingine. Shemeji yake, Rosette, alikuwa mwanachama wa chama kilekile cha akina mama, na mchanga wake ulikuwa huko mbali nyuma ya matete, ambako ndagala wanafika wamechoka. Rosette alikuwa anautamani mchanga wa Mama Godelieve tangu zamani. Faini ingelipwa na kusahauliwa. Neno lile ndilo lililokuwa na meno. Kabla ya jua kutua Rosette alikuwa ameshapita pale ufukweni akipima kwa hatua zake, na kesho yake akapigilia vigingi vinne, hivi hivi, kwa kujiandaa.

Mama Godelieve akaitwa kortini Fizi, kule juu mlimani. Kuhe naye akaitwa. Roger alimkausha kwa moshi asije akaoza, akamfunga kwenye kikapu kama kielelezo.

Siku ya kesi nilikuwepo. Nilifika mapema, kwa njia zangu. Nikamwona Roger anafika kwa pikipiki: dereva mbele, Roger katikati, na nyuma mzee fulani mwenye kikapu mapajani, ambaye sikumtambua kwa ajili ya vumbi.

Hakimu, ambaye sisi tunamwita Mama Juge, alikuwa Mama Félicité, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Roger akatoa mengi. Alisema ziwa ni mali ya mataifa, akasema samaki ni urithi wa watoto, na hayo ni kweli, hakuna aliyempinga. Halafu akafunga hesabu yake hivi: kilichokatazwa kimekatazwa, anayekifanya ni mhalifu, mhalifu aandikwe mhalifu. Akakaa na kupangusa shingo.

Sebineza aliitwa kama shahidi. Alisema ndiyo, alimwona samaki huyo, na samaki naye alimwona, na kati yao hakuna aliyemgusa mwenzake. Alisema kama kuna kosa, basi lianze kwake, kwa sababu angetuma habari mapema kwamba hali samaki, mama huyu asingetoka nyumbani. Mama Juge akamshukuru, akamwambia akae.

Mama Godelieve, maskini, alikuwa analia kwenye kitenge chake, anatetemeka, hawezi kusema neno. Ndipo nikasimama mimi.

Nikakohoa. Korti nzima ikageuka. Nikaomba ruhusa ya kumuuliza bwana Roger swali dogo.

"Bwana Roger, leo umefika hapa na nini?"

"Na pikipiki. Kwani iko nini?"

"Mulikuwa bantu ngapi juu yake?"

Akatazama dirisha. "Batatu."

"Na wewe mwenyewe, kofia ya pikipiki ulivaa?"

"Hapana."

"Inakubaliwa?"

"Haikubaliwe. Lakini kila muntu anafanya vile."

"Basi Mama Juge, umuandike na yeye. Mhalifu wa barabara."

Watu walicheka hadi askari wa mlangoni akaegemea bunduki yake. Mama Juge hakucheka, ila alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Roger akasimama, akasema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwamba yeye si mhalifu, kwamba hajaiba kitu, hajapiga mtu, kwamba kupanda watatu ni kosa dogo tu la barabarani, lina faini yake, na huwezi kumpa mtu jina baya la maisha kwa kitu kama hicho.

Mnaona? Alilichimba shimo kwa kalamu tatu, akaingia mwenyewe.

Nikasema: "Mama Juge, bwana Roger amemaliza kesi kwa mdomo wake. Kila kuhe ni samaki, lakini si kila samaki ni kuhe. Kila uhalifu umekatazwa, lakini si kila kilichokatazwa ni uhalifu. Anayeiba wavu wa jirani, sheria ya adhabu inamngoja, na jina lake linachafuka kwa haki. Anayetupa ndoano mwezi uliofungwa amevunja katazo. Alipe alichoandikiwa katika katazo. Jina lake mumuachie."

Mama Juge akaomba aletewe tangazo lenyewe la bandarini. Likaletwa, na matundu ya misumari yakiwepo. Akalisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Atakayevua atanyang'anywa samaki na chombo cha kuvulia. Mtumbwi wake utakaa nchi kavu hadi ziwa lifunguliwe. Atatoa faini. Basi. Akaligeuza nyuma, kulikuwa na mavi ya njiwa tu.

"Bwana Roger," akasema, "neno mhalifu umelisoma wapi humu?"

Roger akasema haliko.

"Basi ulikate."

Na bwana Roger, mbele ya korti nzima, akachukua PV yake na kalamu ya kwanza, ikakataa, ya pili ikakataa, na kwa ile ya tatu akalikata neno lake mwenyewe, akatia sahihi pembeni. Mama Godelieve akakubali adhabu yote bila kupunguza: ndoano iende, mtumbwi ukae, faini atoe. Akatoa palepale. Kuhe, Mama Juge aliagiza apelekwe kwa wagonjwa. Walikula siku tatu, na waliokuwa na magongo waliyasahau.

Tuliposhuka Baraka, habari ilikuwa imetutangulia. Akina mama walikuwa wamejipanga barabarani wanapiga mabeseni kwa vijiko, na sauti yake, nawaambia, ilisikika hadi Lusenda. Walimbeba Mama Godelieve kutoka barabarani hadi mchangani, viatu vyake havikugusa chini. Mama Mukarurangwa naye alikuwa katikati yao anapiga beseni kwa mkono mtupu, na mzee wake amembebea viatu vyake. Rosette alikuwa pale. Hakuna aliyemwambia kitu. Aling'oa vigingi vyake mwenyewe, kimoja kimoja, vyote vinne, na jioni hiyo vilichemsha chai ya wageni. Kikombe cha kwanza Mama Godelieve alimpa Rosette, na yule akanywa huku anaangalia maji.

Siku ziwa lilipofunguliwa, mchanga ule ulikuwa mweupe kwa ndagala toka maji hadi barabara. Mama Godelieve alisimama katikati, anawageuza kwa fagio, na kila aliyepita alimwita kwa jina lake tu, bila kuongeza kitu.

Hapo ndipo nilipofunga kaye yangu.

Na hapo ndipo ningeacha, kama nisingekuwa na tabia ya kusoma kwa sauti. Juzi niliyasoma haya yote katika lubunga, kwa wenzangu, na Mzee Sebineza aliyekuwa ameshuka tena akiwa ameketi pembeni na kibuyu chake cha maziwa. Wote walikuwa kimya, nami nilidhani ni kwa uzuri wa hadithi. Nilipoinua macho, Mama Godelieve alikuwa amesimama mlangoni, na beseni kichwani. Wanawake hawaingii katika lubunga yetu, na yeye hakuingia. Alisimama pale ambapo kivuli kinaisha.

"Papa Néhémie," akasema, "nililia wapi?"

Nikasema ni namna ya kuandika.

"Kuhe wako iko na urefu wa mulango. Pikipiki ilibeba bantu batatu, na huyu samaki alikuwa kwenye kikapu, juu ya mapaja ya muntu. Mulango unaingia kwenye kikapu?"

Nikasema moshi unapunguza samaki. Jacques, rafiki yangu wa miaka yote, ndiye aliyeanza kucheka, msaliti yule.

"Na huyu mzee wa nyuma, wa vumbi. Umutaje jina."

Sikumtaja. Akamtaja yeye. Halafu akawaeleza wote, bila haraka, beseni likiwa limetulia kichwani kama limepigwa msumari. Kwamba ndoano ilikuwa yangu, nilimwazima mwenyewe. Kwamba asubuhi ileile, kabla samaki hajaiva, nilikaa kwa mama wa beignet nikahadithia kuhe mkubwa kama mlango aliyevuliwa na ndoano ya Néhémie, na aliyekuwa anakula beignet pembeni alikuwa bwana Roger. Kwamba Roger alinipakia kwenye pikipiki yake hadi Fizi ili nikatoe ushahidi juu ya ukubwa wa samaki huyo. Na kwamba jina langu lilipoitwa kortini mara tatu, mimi nilikuwa nyuma ya choo cha korti, nikiogopa kuulizwa habari za ndoano.

"Maswali ya pikipiki niliuliza mimi," akasema. "Sababu niliwaona munashuka pikipiki, batatu, na weye umekumbatia kikapu. Na ile maneno ya katazo na uhalifu, nilisema mimi, kwa mdomo yangu. Nilikuwa nimelisoma tangazo mara mbili kabla ya kuingia mu ziwa. Nilijua ninavunja nini, na nilijua sivunje nini. Hiyo tu ndiyo ilinisimamisha."

Watu wa lubunga waligeuka wote kuniangalia. Nikajaribu njia moja iliyobaki. Nikasema, kwa unyonge, kwamba basi nimekuwa mhalifu, mniandike kwa herufi kubwa, mnipeleke Fizi, nitapanda nyuma kwa heshima. Nilitumaini watanionea huruma.

Mama Godelieve akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapana, Papa. We si mhalifu. Hujaiba, hujapiga muntu. Umevunja katazo ya lubunga tu, na katazo iko na adhabu yake imeandikwa. Jina lako tunakuachia. Ulete jogoo."

Mzee Sebineza akavua kofia, kama alivyomvulia yule kuhe. Jacques akaenda kutafuta kisu.

Tulimla jana mchana, na ugali. Sebineza hakuonja, kwa maana ilitokea kwamba hata kuku yeye hali. Alikunywa maziwa yake na kumsifu Huissier macho na mkia. Mama Godelieve alipelekewa paja mpaka mchangani, nami ndiye niliyelibeba, nikipita katikati ya akina mama wote na mabeseni yao, na ninakiri kwamba walinipigia.

Leo asubuhi hakuna aliyeniamsha, nimeamka jua liko juu. Alikuwa jogoo wa ajabu. Alikuwa mkubwa kama mbuzi.

Sawa. Kama kuku. Sina jogoo mwingine.